Mnara Uliokataliwa na Ndege

Rumah Nyambar, Ulu Sengayan
9 Februari 2024

Mjukuu wangu Suri,

Hakuna ndege aliyelia asubuhi ile. Nilipanda kilimani peke yangu, nikakaa juu ya gogo mpaka jua likapenya ukungu, na sikumsikia ketupong wala ndege mwingine yeyote wa kutuonya. Kisha nilishuka nikawaambia watu wote kwamba amelia, upande wa kushoto, kwa ule mlio wake mkali wa kukataza. Nilisema uongo. Nimeuficha miaka mitatu, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia.

Najua ulifungua barua hii ukitarajia salamu. Salamu nitaziweka mwishoni, kama utakuwa bado unazitaka. Moyo wangu umechoka, Suri. Daktari wa Kapit aliusikiliza, akamwita mama yako nje ya chumba, akadhani na masikio yangu yamekufa. Mchele wa mavuno haya sitauonja. Naandika mistari michache kwa siku, ndiyo maana utaona wino unabadilika rangi.

Ngoja nikueleze siku zile zilivyokwenda, kwa sababu wewe ulikuwa Bintulu na habari zilikufikia vipande vipande. Ulihangaika na wakubwa wa mpango wa serikali mpaka wakakubali kutujengea mnara, na kutoka kwenye mnara kuvuta waya hadi kila mlango wa nyumba yetu ndefu, kwa kila familia, mtandao wa kasi kwa bei ambayo hata wajane wangeimudu. Wahandisi walikuja, wakapima, wakasema ni kilima kile kimoja tu kinachouona mnara mkubwa wa Kapit. Watu walifurahi mpaka wakaanza kugombea zamu. Mama Lulong alisema aunganishwe wa kwanza kwa kuwa mlango wake uko karibu na kilima. Jirani yake akamjibu, "Wanangu mimi wako mbali zaidi. Wa kwako wako Kapit hapo, wewe piga kelele tu, watakusikia."

Ndipo mkuu wa nyumba, Nyambar, aliposema tutafuata utaratibu wetu. Sisi tunasali kila Jumapili, lakini hakuna aliyewahi kusimamisha hata nguzo ya banda katika ardhi ile bila kwanza kumsikiliza ndege. Mtu mmoja hupanda asubuhi, hukaa kimya, hushuka na jibu. Na jibu hilo huwafunga watu wa milango yote, kwa kuwa paa letu ni moja.

"Aende Mwalimu," Nyambar akasema. "Baba yake alimfundisha milio yote. Tena ni mtu wa kanisa na wa vitabu, hana sababu ya kutuzulia ndege."

Nikaenda. Nilipotoa jibu, kijana mmoja wa wahandisi aliuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, hatuwezi kumngoja kesho labda atabadilisha maneno?" Hakuna aliyecheka. Walitafuta kilima kingine wakakosa. Mwaka wa mpango ukaisha, mnara ukaenda upande wa pili, kwa watu wa nyumba nyingine, Rumah Mengai. Sasa kilima chetu wenyewe ndicho kinachotuzibia mawimbi yake.

Wewe ulikuja ukasimama katikati ya ukumbi wetu mrefu, milango yote imefunguliwa, ukamwambia Nyambar kwamba amehongwa na watu wa Mengai. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wangu. Nilinyamaza. Nyambar hakula kitu cha mtu, Suri. Kosa lake ni kwamba aliniamini.

Utauliza kwa nini. Nilikihofia kile kilima. Kuna wazee wetu waliozikwa kule, na ile miti ya matunda ya durian waliyoipanda ingekatwa.

Mama yako anakusalimu. Nami pia.

Babu yako,
Empading


Bintulu
21 Februari 2024

Babu,

Nilianza kuisoma barua yako kwenye ngazi za ofisi. Sikuingia kazini tena siku ile.

Kilimani hakuna kaburi. Wewe mwenyewe ulinishika mkono nikiwa mdogo ukanionyesha wamelazwa wapi: bondeni, kando ya kijito, penye mitungi iliyopasuka. Ukaniambia nisikimbie pale. Na durian, Babu? Ramani ya sehemu ya kufyekwa niliichora mimi. Nilizungusha mstari nikaiacha miti yote nje, kwa sababu nilijua utauliza. Ulipoiona ulisema, "Vizuri, umekumbuka." Kwa hiyo hata unapokiri unaniongopea.

Unajua ni kitu gani kiliondoka na ndege wako? Mimi na Sulai, mwana wa Nyambar, tulikuwa tumekubaliana kuoana. Tulikuwa tunangoja mnara usimame ndipo tuwaambie wazee. Siku ile ukumbini nilimgeukia, nikidhani yeye angalau atasimama upande wangu.

"Sulai, sema kitu."

"Niseme nini, Suri? Ndege amekataa."

"Ndege amekataa, au baba yako?"

"Usimtukane baba yangu mbele ya watu."

"Basi oa ndege."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Alishuka mto kwenda Miri kutafuta kazi kwenye meli za mafuta. Ameoa huko, ana mtoto wa kike. Nilimwita mwoga kwa watu wote waliotaka kunisikiliza. Kumbe alikuwa mtu aliyemwamini mwalimu wake wa darasa la sita.

Huku nako nilikutetea. Wakubwa wangu walifanya mzaha mwaka mzima. Mtu akichelewa kikaoni wanasema labda alikutana na ndege wa kina Suri. Nilikuwa nacheka nao, kisha naenda chooni nafungua bomba la maji ili wasinisikie. Nikitoka nawaambia, "Mheshimu desturi ya watu." Desturi! Mimi nilikuwa nailinda huku wewe umeitumia kama kitambaa cha kufutia mikono.

Nasikia shule yako imefungwa. Nasikia kina Menti wamehamia Kapit kwa sababu watoto hawakuweza kupata masomo, na mlango wao umepigwa misumari. Ukipita ukumbini, Babu, uwe unaitazama ile misumari.

Sasa niambie ukweli. Usiniandikie kama unamjibu mkaguzi wa shule.

Suri


Jiwe la Mtandao, mtoni
3 Machi 2024

Mwanangu Suri,

Mwandiko wangu utauvumilia, nimeandikia gotini. Nimekuja hapa kwenye Jiwe la Mtandao kukupigia. Simu yako imelia kidogo ikakatika, nimengoja tena, maji yanapanda, basi nimeona niandike nimpe Jampi boti yake ikipita.

Usidhani nimekosa mazungumzo. Hapa jiweni kila mtu anasikia ya mwenzake. Mama Lulong amepata mtandao akamwambia mwanawe kwamba mkwe ni mvivu, hapalilii, hatwangi, anajua kula tu. Na mkwe mwenyewe yuko nyuma yake anangoja zamu! Akasema, "Mama, mimi niko hapa." Mama Lulong akajibu, "Najua uko hapo. Ndiyo maana naongea kwa sauti." Tumecheka nusura tuanguke mtoni.

Sasa la babu yako. Tangu barua yako ifike hali chakula. Ameiweka chini ya mto wake, na nikitaka kutandika anaitoa anaishika mkononi mpaka nimalize. Nikamuuliza, "Baba, mtoto anasemaje?"

"Anasema ni mzima."

"Mzima, na wewe huli?"

"Ensuna, wewe pika. Mambo ya barua niachie mimi."

Sijui umemwandikia nini. Kama ni habari za ule mnara, mwanangu, ziache zipite. Ndege hakutumwa na mtu. Hata Nyambar, uliyemtukana vile, hana kinyongo. Kila siku anakuja anamtia babu yako mgongoni, anashuka naye ngazi zote hadi mtoni, anamwogesha kama mtoto mchanga, anampandisha. Hakuna aliyemwomba. Juzi nilimshukuru, akasema, "Mwalimu alinifundisha kusoma. Na alipokuwa na jibu gumu la kutupa, hakuliogopa." Babu yako aligeukia ukutani akalia. Siku hizi analia ovyo, ndio uzee.

Njoo umwone. Usingoje nikuite kwa jambo lingine.

Mama yako,
Ensuna


Rumah Nyambar
12 Machi 2024

Mjukuu wangu Suri,

Umenikamata kwenye makaburi na kwenye durian. Nilidhani nimekufa vya kutosha kiasi cha kutojali heshima yangu, lakini bado nilitaka uongo wangu uwe na sura ya wazee wetu. Nakuomba radhi kwa hilo peke yake kwanza.

Nitakueleza nilichokiona. Mwaka mmoja kabla ya wahandisi kuja kwetu, nilialikwa Rumah Bangau, chini ya mto, kwa sikukuu ya mavuno. Unamkumbuka Tugang, rafiki yangu, yule mwenye kikohozi. Nyumba yao ilikuwa imeshapata mtandao kila mlango. Miaka ya nyuma, mchana wa sikukuu, wanawe walikuja na boti mbili zimejaa, wajukuu wanarushwa ufukweni kama mizigo, mpaka mkeka hautoshi.

Safari ile nilimkuta ameketi na mkewe, sahani za nyama zimepangwa, na simu imeegemezwa kwenye mtungi wa pombe ya mchele. Wanawe walikuwa ndani ya simu.

"Baba, inua glasi!"

Akainua.

"Umeona, Baba? Tunakunywa pamoja!"

"Naona," akasema. "Yule wa nyuma ni nani?"

"Ni mwanangu, Baba! Si unamjua?"

"Amekua. Nilidhani ni jirani yenu."

Basi picha ikaganda, mwanawe kinywa wazi katikati ya kicheko. Tugang akaendelea kuzungumza nayo, anaieleza juu ya mpunga ulioliwa na panya. Mkewe akamwambia, "Unaongea na nani wewe? Ameganda." Tugang akasema, "Naona ameganda. Ngoja amalize kucheka."

Picha haikurudi. Nilikula nao ile nyama yote ya watu ishirini, tukiwa wazee watatu. Njiani kurudi nilimwambia Jampi azime mashine ya boti, nikae kidogo.

Wewe siku zile ulikuwa unakuja kila mwezi, Suri. Unashuka na magazeti yangu na zile tambi kavu ambazo mama yako anazificha ili nisizimalize. Ulikuwa unalalamika mgongo unauma kwa boti, unalala mchana kutwa, halafu unaamka tunabishana mpaka mama yako anatutupia mto. Nilipoona vile vipimo vya wahandisi nikaiona ile simu kwenye mtungi. Niliwaza: sasa atanipigia. Atauliza, "Babu, hujambo?" nami nitasema sijambo, na atakuwa amemaliza kunitembelea.

Ndiyo hivyo. Sasa unajua nilikuwa mzee wa namna gani.

Nyambar ananibeba kila siku. Mama yako atakuwa amekuandikia.

Babu yako,
Empading


Bintulu
25 Machi 2024

Babu,

Hili nimeliamini. Nimemwona Tugang na simu yake iliyoganda kana kwamba nilikuwa pale. Nimekasirika upya, nimetulia, nimekasirika tena kazini mpaka mwenzangu akaniuliza kama nina homa.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna kitu hukukijua, na kosa la kutokukijua ni langu.

Nilikuwa narudi nyumbani.

Si kutembea, Babu. Kurudi. Kazi yangu ya kuchora ramani haihitaji niwe Bintulu. Inahitaji mtandao unaobeba michoro mikubwa bila kukatika, basi. Mkubwa wangu alikuwa amekubali. Ndiyo maana niliung'ang'ania ule mpango vile hadi watu wakadhani nalipwa. Mtandao wa setilaiti ningeweza kuununua mimi peke yangu kwa kujinyima, lakini nikaona nitakuwa mjukuu gani, nimekaa na mtandao mlangoni kwetu huku Mama Lulong anapigwa na mvua juu ya jiwe. Nilitaka milango yote. Mimi na Sulai tungekaa chumba chenu cha nyuma kwanza. Nilishachagua pa kuweka meza, pale dirishani, na nilijua utanizonga siku nzima kutaka kuona ninachochora.

Nilimkataza Sulai asimwambie mtu yeyote, wewe hasa. Nilitaka siku mtandao unawashwa nishuke botini na masanduku yangu yote, nikuone uso. Utoto tu.

Kwa hiyo ulinizuia kuja kwa sababu ulitaka nije. Nimecheka mpaka nikaogopa, kisha nikalia. Laiti ningekuambia! Neno moja tu, na ungeshuka kule kilimani unaimba.

Siwezi kusema nimekusamehe yote. La Sulai liko palepale, naliona kila mahali. Lakini mtu aliyenikosea kwa kunitaka mno siwezi kumzika nikiwa namchukia. Nilikuwa nakuona msaliti. Sasa namwona mzee mpweke aliyefanya upumbavu.

Nakuja. Wenzangu wanakwenda kwao kwa sikukuu ya Idi, nami nitakuja kwetu. Jampi anichukue Kapit asubuhi ya tarehe kumi na moja Aprili. Tutamwita Nyambar, tutamwambia pamoja, mimi nitaomba radhi kwa yangu ukumbini palepale nilipomtukana, na wewe kwa yako. Nitakushika mkono.

Na kuna habari nyingine. Mpango umefunguliwa upya. Nimeweka jina la nyumba yetu tena. Wakikubali, meza yangu itakuja dirishani hata kama nitakuwa peke yangu. Ila safari hii kilimani atapanda mtu mwingine, nawe utakaa chini unywe uji.

Kula, tafadhali. Nikukute.

Mjukuu wako,
Suri


Rumah Nyambar
6 Aprili 2024

Suri,

Barua hii nimempa Jampi mkononi, akukabidhi gatini Kapit kabla hujapanda. Nimemwambia asiwashe mashine mpaka uwe umemaliza kuisoma. Kama utageuka urudi Bintulu, hatakuuliza kitu.

Nyambar nimeshamwambia. Sikuweza kungoja kushikwa mkono. Tulikuwa mtoni, amenishikilia kwapani, maji yananifika kifuani, nikasema, "Nyambar, ule mnara, hakuna ndege aliyelia." Aliacha kunimwagia maji. Nikadhani ataniachia tu niende na mkondo, na ningemwelewa. Akauliza, "Mwalimu, unasema nini?" Nikarudia. Akamaliza kuniogesha, shingo, mgongo, miguu, kwa utaratibu wake uleule. Alinikausha, akanipandisha, akanilaza. Mlangoni akasema, "Nyumba hii ina jina langu, Mwalimu. Mwanangu alitukanwa humu akaondoka, nami nikamwambia avumilie kwa sababu ya ndege." Hakuja kesho yake. Sasa ni mama yako na Mama Lulong wanaonishusha, na Mama Lulong haongei nami, yeye ambaye huongea hata na kuku.

Barua yako mama yako alinisomea, maana macho yalikataa. Alipofika pale uliposema ungeniona uso siku unashuka na masanduku, alishindwa kuendelea. Nilimwomba arudie. Nimeila ile barua, Suri, kwa siku tatu ndicho chakula nilichokula. Nikajiambia: nyamaza, Empading. Ameshakusamehe karibu yote. Atakuja, atakaa pembeni yako, utakufa umeshikwa mkono na mtoto uliyemlea. Ni siku chache tu za kunyamaza, nawe kunyamaza unakujua.

Lakini umemsamehe mtu mwingine. Mzee mpweke aliyefanya upumbavu kwa kukutaka mno, nimemtafuta ndani yangu ili nimpe msamaha wake, simwoni.

Tugang na simu yake ni kweli. Niliyaona, na yaliniuma. Siyo yaliyonipandisha kilimani.

Unaujua ule ukuta wa ofisini kwangu shuleni. Nilibandika picha za wanafunzi wangu: daktari, karani wa mahakama, nesi, rubani mmoja wa helikopta. Ukiutazama vizuri utagundua hakuna hata mmoja anayeishi kwenye mto huu. Wale waliobaki wakalima, wakajenga, wakatuzikia wazazi wetu, sikuwahi kubandika picha zao. Nyambar hayupo pale. Sulai hayupo. Kwangu mimi mtoto aliyebaki alikuwa somo lililonishinda. Nilipima kazi ya maisha yangu kwa umbali ambao watoto walikwenda, na wewe ndiye uliyekwenda mbali kuliko wote wa damu yangu. Picha yako ukiwa na joho la chuo kikuu nilikuwa nawaonyesha hata wauza samaki. Nikipita ukumbini nikimwona Sulai anatengeneza nyavu, nilikuwa namwambia, "Ungesoma kama Suri, usingekuwa hapa." Alikuwa anacheka. "Nami nisingekuwa hapa, Mwalimu, nani angekutengenezea paa?"

Alasiri ya kuamkia siku ile ya kupanda kilimani, mvua imetoka kukatika, Sulai alikuja chumbani kwangu. Amevaa shati safi. Aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Babu," akaniita. Hakuwahi kuniita babu, aliniita Mwalimu. "Nina siri, na mwenyewe akijua nimekuambia ataninyonga."

"Basi usiniambie."

"Siwezi kukaa nayo. Nataka nikuombe vizuri, kwa adabu, sitaki uje usikie ukumbini kama watu wa nje. Ila ukishajua, ujifanye hujui. Anataka akushangaze."

Akanieleza. Alicheka kila baada ya sentensi, kama mtu asiyeamini kilichompata. Nilimpa mkono. Nilimmiminia pombe ya mchele, tukanywa, nikamwahidi kwamba nitajifanya sijui. Ahadi hiyo nimeitimiza mpaka leo.

Niliamka nikapanda kilimani. Sikwenda kusikiliza kitu. Kabla sijakaa juu ya lile gogo nilikuwa nimeshaamua nitakuja kusema nini, kwa sababu Sulai alikuwa ameniambia kwamba unarudi nyumbani kuishi nasi.

Empading